Mwalimu Wekoye na Moja Kumi na Moja

Mwalimu Eliakim Wekoye alitumia sekunde mbili kusema neno moja, kisha akatumia miaka minne kulitetea.

Neno lenyewe lilimtoka mwezi wa Februari mwaka 1984, katika chumba cha walimu cha shule moja ya upili nje kidogo ya Kitale, upande wa kwenda Endebess. Shule ilikuwa imepata taipureta mpya, na karani wa ofisi, Sally, alikuwa akiijaribu mezani mbele ya walimu wote kwa sababu ofisini kwake hapakuwa na meza isiyoyumba. Aligonga herufi zote, akagonga alama zote, halafu kidole kikanogewa na moja. Tak, tak, tak. Alipoichomoa karatasi, mstari wa mwisho ulikuwa na moja kumi na moja zimejipanga kama watoto wa gwaride:

11111111111

"Haya, watu wa hesabu," Sally akasema, "hii nayo inagawanyika na nini?"

Watu wa hesabu walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Eliakim, miaka arobaini na minne, cheti cha chuo cha ualimu, miaka kumi na minane ubaoni. Wa pili alikuwa Kiptanui, kijana kutoka Kapsokwony aliyekuja moja kwa moja kutoka chuo kikuu na shahada yake na kikokotoo kidogo cha Kijapani alichokitia mfuko wa shati kama wengine wanavyotia kalamu. Wiki tatu baada ya kufika, Kiptanui alipewa ukuu wa idara ya hesabu, cheo ambacho Eliakim alikuwa amekingoja miaka sita. Eliakim alimpongeza kwa kumshika mkono. Tangu siku ile kila Kiptanui alichosema, Eliakim alikuwa na neno juu yake. Kiptanui akisema mvua itanyesha, Eliakim huanika koti.

Kiptanui akatoa kikokotoo, akabonyeza moja mara nane. Mara ya tisa mashine ikakataa.

"Imejaa," akasema akicheka. "Lakini namba kubwa hivi, bana, lazima kuna kitu kinaigawanya."

"Haigawanyiki," akasema Eliakim.

"Unajuaje, mwalimu?"

"Najua."

Hakujua. Angalisema Kiptanui kwamba haigawanyiki, yeye angalisema inagawanyika, na hadithi hii isingekuwapo. Lakini walimu sita walikuwa wamegeuka kumtazama, na Sally alikuwa ameinua karatasi juu kama bendera.

"Si utuonyeshe basi," Kiptanui akamwambia, bila ubaya wowote.

"Nitawaonyesha."

Akaichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

Kazi aliyojitwika si ngumu kuieleza. Kuna namba ambazo hazikubali kugawanywa sawasawa na yoyote isipokuwa moja na zenyewe, kama saba au kumi na tatu. Hizo huitwa namba tasa. Ili kujua kama namba kubwa ni tasa, unachukua namba tasa ndogo moja baada ya nyingine, kuanzia chini, unaigawanya namba yako kwa kila moja. Ukipata baki kila mara, umeshinda. Ukipata sufuri mara moja tu, umeshindwa. Wala huna haja ya kwenda mpaka mwisho, maana vigawanyo hutembea wawili wawili: mmoja akiwa mkubwa sana, mwenzake lazima awe mdogo. Kwa moja kumi na moja, Eliakim alipiga hesabu akaona akifika laki moja, elfu tano na mia nne hivi bila kukuta sufuri, kazi imekwisha. Kufika huko kulikuwa na namba tasa kama elfu kumi. Alijipa nane kwa siku, Jumapili kupumzika. Miaka minne.

Mkewe Sellah alisikia mpango huo akiwa anachambua mboga.

"Miaka minne unataka kuhakikisha kwamba namba ni tasa?" akauliza.

"Ndiyo."

"Baba Nanjala, kwetu mtu akitaka kujua mambo hayo hungoja tu."

Lakini alimwachia nusu ya meza. Kila siku saa kumi na moja jioni, Eliakim alirudi kutoka shuleni, akavua koti, akafungua daftari la kurasa tisini na sita na kuanza kugawanya. Kila mgawanyo ulikula nusu ukurasa. Nusu ya pili ya meza ilikuwa ya Sellah na maziwa yake, maana alikuwa na ng'ombe wawili na wateja wa kutosha mjini, na mara kwa mara tone la maziwa liliingia katika hesabu na kuifanya saba ionekane tisa. Hapo walizozana, kisha Eliakim akarudia ukurasa mzima kwa wino mpya.

Tuseme kweli: alifurahi. Tangu utotoni kwao Bungoma hakuwa amepata kitu kikubwa kiasi hicho kiwe chake peke yake. Darasani wanafunzi walimsahau mara tu kengele ilipolia. Kanisani aliimba safu ya nyuma. Lakini namba ile ilimngoja kila jioni, na kila jioni ilimkatalia, na kila ilipokataa yeye alizidi kuipenda. Kumi na tatu: baki. Mia moja na tatu: baki. Elfu tisa na saba: baki. Alianza kuizungumzia kama watu wanavyozungumzia fahali wao wa vita. "Leo imekataa nane," alimwambia Sellah, naye akajibu, "Hongera, sasa osha mikono."

Basi ikafika Januari ya mwaka 1985. Mwezi huo ulikuwa mgumu kwa kila mwalimu nchini. Mfumo mpya wa masomo ulikuwa unaanza, karatasi zilikuja kutoka juu kila siku, kila moja ikifuta ya jana, na Eliakim alikuwa ameshinda mkutanoni tangu asubuhi akimsikiliza Kiptanui akieleza mambo ambayo Kiptanui mwenyewe alikuwa ameyasikia juzi. Alirudi kichwa kinamgonga. Akafungua daftari la kumi na tatu. Namba ya tatu ya siku hiyo ilikuwa 21,649.

Akagawanya. Tano, moja, tatu, mbili, tatu. Ikabaki hatua ya mwisho: 194,841. Tisa mara 21,649 ni ngapi? Akazidisha pembeni. Ikaja 194,841. Akatoa. Sufuri.

Aliitazama sufuri ile kwa muda mrefu kidogo. Sellah aliona amenyamaza kuliko kawaida.

"Kuna nini?"

"Nimekosea mahali."

Hakusema "huenda nimekosea." Namba iliyomkatalia mara elfu mbili na mia nne na zaidi haiwezi kukubali Jumanne jioni tu, hivi hivi, baada ya mkutano. Akachukua kifutio, akafuta pole pole, akaanza upya. Tano, moja, tatu, mbili, tatu, tisa. Safari hii, kwenye kuzidisha kwa mwisho, tisa mara tisa themanini na moja, akaandika moja na kubeba saba badala ya nane. Ikaja 194,831. Akatoa. Baki kumi.

"Nilijua," akasema, akashusha pumzi kama mtu aliyesikia mgonjwa wake amepata nafuu.

Majibu mawili, moja sufuri na moja kumi. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza angemwambia afanye mara ya tatu aone lipi ni lipi. Hakufanya. Akafungua ukurasa mwingine.

Alimaliza Machi mwaka 1988, siku ya Alhamisi, kwenye daftari la hamsini na mbili. Sellah alichinja kuku, japo alisema kuku huyo alikuwa wa kuchinjwa hata hivyo. Kesho yake Eliakim aliingia chumba cha walimu na masanduku mawili ya madaftari juu ya mkokoteni wa shule, akayapanga mezani, akamwambia Kiptanui, "Haigawanyiki."

Kiptanui aliyatazama madaftari, akamtazama Eliakim, akasimama na kumpa mkono kwa mikono miwili. "Hongera, mwalimu," akasema. "Hii ni kazi." Eliakim alitafuta kejeli usoni pake asiione, na hilo likamuudhi kidogo.

Mambo yangeishia hapo kama mwalimu mkuu, Bwana Gikonyo, asingekuwa mtu wa kaulimbiu. Gikonyo hakupenda hesabu, lakini alipenda sana neno *haigawanyiki*. Miaka ile kila baraza lilihubiri umoja, na shule iliyokuwa na kitu cha kuonyesha juu ya umoja ilikumbukwa wakati wa kugawa mabati. Wiki mbili baadaye fundi alikuwa juu ya ngazi, na ukuta wa bwalo la chakula ukasomeka kwa herufi nyekundu zenye urefu wa mkono mzima:

11,111,111,111
HAIGAWANYIKI. NASI HATUGAWANYIKI.

Watu wakaja kuutazama. Afisa wa elimu alipigwa picha mbele yake. Mchungaji aliutaja kanisani, na Jumapili hiyo Eliakim alihamishwa safu ya mbele, jambo lililomsumbua kwa sababu sasa sauti yake ilisikika. Na mwezi wa Julai akaalikwa Bungoma, kwenye mkutano wa walimu wa hesabu wa mkoa, azungumze dakika ishirini. Alizungumza hamsini. Walimu walipiga makofi, wengine kwa heshima na wengine kwa sababu chakula kilikuwa tayari.

Mwezi wa Septemba ikaja barua kutoka Bumula, mwandiko mzuri wa ubaoni:

"Kwa Mwalimu Wekoye. Mulembe, nakusalimu. Mimi ni mwalimu wa darasa la saba hapa Bumula. Nilikuwa nimekaa nyuma siku ile ya Bungoma. Nimefurahia mtihani uliotupa, na likizo ya Agosti nimeufanya. Nimepata 21,649. Je, ndiyo yenyewe, au kuna ndogo kuliko hiyo imenipita? Wako, Rispah Nekoye."

Eliakim aliisoma mara tatu. Kisha akaenda kwenye sanduku, akatoa daftari la kumi na tatu, akaufikia ukurasa. Baki kumi, kwa mwandiko wake mwenyewe. Akacheka kwa huruma.

"Maskini," akamwambia Sellah. "Mwalimu wa msingi. Amegawanya vibaya."

"Mwandikie basi."

"Hapana. Nitaenda mwenyewe. Mtu kama huyu hufundisha watoto, lazima asaidiwe."

Jumamosi akapanda basi la asubuhi hadi Bungoma, akaunganisha hadi Bumula, daftari la kumi na tatu kwapani. Alimkuta Rispah Nekoye uani, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mjane, ameketi kwenye mkeka akipukuchua mahindi. Alimkaribisha kwa furaha kubwa, akamletea kiti, chai na njugu, akamuuliza hali ya nyumbani na ya mvua ya Kitale, na hakugusa habari ya namba mpaka mgeni alipomaliza kikombe.

"Mwalimu Rispah," Eliakim akaanza kwa upole, akifungua daftari magotini, "nimekuja kwa sababu ya ile barua. Ona hapa. 21,649. Baki kumi."

Rispah akajifuta mikono, akainama, akasoma. "Ni kweli, hapa umeandika kumi."

"Kwa hivyo ulikosea mahali. Si neno, hata mimi huwa..."

"Inaweza kuwa. Mimi ni mtu wa kukosea. Lakini mwalimu, kugawanya kuna kona nyingi. Si tuzidishe tu? Nikigawanya mimi napata 513,239. Hebu zidisha hiyo kwa 21,649 tuone inatoka nini. Zidisha wewe, mimi nisiguse."

Akampa penseli. Eliakim akazidisha nyuma ya daftari, haraka, kama mtu anayemaliza jambo dogo. Akaanza kujumlisha kutoka kulia. Moja. Moja. Moja. Moja. Kufikia moja ya tano mkono ukaanza kwenda pole pole. Kufikia ya nane alikuwa haandiki tena kwa kujua, alikuwa anaandika kwa kuogopa. Moja ya kumi na moja ilipokaa mahali pake aliiweka penseli juu ya mkeka, kati ya mahindi.

Rispah alimtazama, na furaha ikamtoka usoni.

"Ati hukujua?" akauliza kwa sauti ya chini. "Mimi nilidhani ulitutega. Nilidhani ni mtihani. Mtu afanye miaka minne asione? Nikasema huyu mwalimu mjanja, anataka kuona kama tunamsikiliza ama tunangoja chakula. Pole, mwalimu. Pole sana."

"Ulianza lini?" akauliza Eliakim.

"Agosti."

"Agosti gani?"

"Hii."

Alimweleza, si kwa majivuno, bali kama mtu anayetaka kumwondolea mwenzake aibu kwa kumpa kitu kingine cha kushika. Hakuanza na namba kubwa, alisema. Alianza na wadogo zake. Moja tatu, yaani 111, ni 3 mara 37. Moja tano, 11,111, ni 41 mara 271. Moja saba ni 239 mara 4,649. Akawatazama wale vigawanyo siku nzima akipalilia, mpaka akaona kitu. Chukua 41, ondoa moja: 40. Chukua 271, ondoa moja: 270. Zote zinagawanyika kwa kumi, yaani mara mbili ya tano. Hali kadhalika 238 na 4,648, zote zinagawanyika kwa kumi na nne, mara mbili ya saba. Na 36 kwa sita. "Ile tatu peke yake ndiyo iliyokataa. Nikaiacha kama mgeni aliyepotea njia. Basi nikasema, kama ni hivyo, wa kumi na moja naye, ukimwondolea moja, lazima agawanyike kwa ishirini na mbili. Sikuwa na uhakika, nilibahatisha tu. Nikajaribu 23, nikajaribu 67, nikajaribu 89, nikaenda hivyo hivyo, ninazoziona zina tatu au tano au saba ndani yake naziruka. Kama mia nne na hamsini hivi. Shule zilikuwa bado hazijafunguliwa."

"Mia nne na hamsini," akasema Eliakim.

"Na mahindi nilipukuchua katikati."

Kule nyumbani Kitale kulikuwa na madaftari hamsini na mbili. Eliakim alikunywa kikombe cha pili cha chai, kwa sababu hakujua mtu hufanya nini kingine mahali kama hapo. Wakati wa kuondoka Rispah alimfungia kuku miguu akampa, zawadi ya mgeni, na akasafiri naye mpaka Kitale, kuku akiwa ndiye mchangamfu kati yao.

Jumatatu alimtafuta Kiptanui kabla ya gwaride, akamkuta peke yake akisahihisha.

"Inagawanyika," akasema. Neno lilikuwa zito kuliko alivyotarajia.

Kiptanui akaweka kalamu chini. "Kwa 21,649," akasema.

Eliakim akakaa.

"Nilikwenda Nairobi likizo ya Aprili mwaka themanini na tano," Kiptanui akaeleza. "Kule maktaba ya chuo kuna kitabu cha majedwali, vimeandikwa humo vigawanyo vya namba kama hizo. Nikanakili kwenye karatasi nikuletee. Nimerudi, nikakuuliza, mwalimu, umefika wapi? Ukasema umefika elfu ishirini na nane. Nikajua umeshaipita."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema nini? Hukuniuliza kama namba inagawanyika. Ningekuja kukwambia kwamba hujui kugawanya." Akakuna shingo. "Na pia, mzee, nikwambie ukweli. Tangu uanze ile kazi uliacha kugombana na mimi. Chumba hiki kilikuwa na amani. Nikaona nikuache."

Eliakim alijaribu kutambua kama alikuwa ametendewa wema au dharau. Alijaribu siku ile, alijaribu na siku nyingine nyingi, na hakupata jibu lililotoka bila baki.

Alipofika ofisini kwa Gikonyo alikuta mambo magumu zaidi. Mwalimu mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, akaamka, akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Mwalimu mmoja Bumula. Na Kiptanui."

"Basi watatu. Watatu si wengi."

"Lakini bwana, ukuta unasema uongo."

"Ukuta unasema hatugawanyiki," Gikonyo akasema polepole. "Mwalimu Wekoye, mwaka huu wewe unataka kusimama mbele ya watu useme kitu kinagawanyika? Afisa amepigwa picha pale. Mabati yamekuja. Hebu fikiria mtu akikuuliza, 'Mwalimu, unaposema inagawanyika, una maana gani hasa?' Utamwonyesha daftari?"

Basi Eliakim, ambaye kwa miaka minne hakupata mtu wa kumsikiliza akisema haigawanyiki, sasa hakupata wa kumsikiliza akisema inagawanyika. Alimwambia mchungaji, mchungaji akamwambia asijidharau. Alimwambia Sally, na Sally akasema, "Aa, mwalimu, wacha mzaha." Sellah peke yake ndiye aliyemwamini papo hapo, jambo ambalo nalo halikumfariji.

"Ile jioni uliyonyamaza," akasema. "Nilikuuliza kuna nini."

"Uliniuliza."

"Sasa utafanya nini?"

"Nitasema siku ya wazazi."

Siku ya wazazi ilikuwa Novemba. Walikaa bwaloni, wazazi mia tatu, afisa wa elimu meza ya mbele, ukuta wa herufi nyekundu nyuma yao wote. Eliakim alipoitwa kuwasalimu wazazi, alisimama na daftari la kumi na tatu mkononi.

"Wazazi," akasema, "nimekuja kuungama. Namba hii iliyo ukutani nilisema haigawanyiki. Nilikosea. Inagawanyika kwa elfu ishirini na moja, mia sita arobaini na tisa. Nilikuta sufuri nikaifuta kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu sikuitaka. Aliyeiona ni Mwalimu Rispah Nekoye wa Bumula, kwa mwezi mmoja. Mimi nilichukua miaka minne kutoiona."

Afisa wa elimu akamwinamia Gikonyo. Gikonyo akainuka kwa haraka ya ajabu kwa mtu wa unene wake, akamshika Eliakim bega.

"Mmesikia!" akapaza sauti. "Mmesikia unyenyekevu wa mwalimu wetu! Mtu aliyefanya kazi kubwa hivi, na bado anasema, mimi nakosea, wengine wananishinda! Wanafunzi, huu ndio mfano! Je, shule hii inagawanyika?"

"Haigawanyiki!" wakajibu wanafunzi mia nne.

Makofi yalipigwa mpaka mabati yakalia. Mama mmoja mzazi alipiga vigelegele. Eliakim alisimama katikati ya kelele hizo na daftari lake wazi, akamwona Kiptanui nyuma kabisa, ndiye pekee asiyepiga makofi. Alikuwa amevua kofia.

Kabla ya Krismasi ilikuja barua ya uhamisho. Gikonyo aliona ni heri kumwinua mtu huyu kuliko kumsikia tena. Eliakim alifanywa naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya Bungoma, karibu na kwao, kwa "mchango wake mkubwa katika hesabu." Cheo alichokikosa miaka yote kwa kuwa sahihi, sasa kilimjia kwa kukosea. Alifikiria kukikataa. Sellah alisema ng'ombe wameshazoea wazo la kuhama.

Kutoka Bungoma hadi Bumula si mbali. Jumamosi ya kwanza ya mwaka 1989 alikwenda na Sellah, wakapeleka maziwa. Alikuwa amejiandaa kwa swali, akalitoa kabla hajaketi vizuri.

"Na moja kumi na tatu je?"

Rispah akafikiri kidogo, mdomo ukienda bila sauti. Mara mbili ya kumi na tatu, ishirini na sita. Ishirini na saba, hiyo ina tatu ndani, ruka. Hamsini na tatu. Akachora vijinamba mchangani kwa kijiti, mstari baada ya mstari, na kabla chai haijachemka akasema, "Hamsini na tatu inaigawanya."

Sellah alicheka mpaka akashika mbavu. Baada ya muda Eliakim naye akacheka, na kilikuwa kicheko chake cha kwanza cha kweli juu ya hesabu katika maisha yake.

Kwa hiyo wakaichukua moja kumi na saba. Waligawana kazi: yeye hugawanya, Rispah huzidisha kurudi nyuma kuhakikisha, na hakuna mstari unaopita bila saini mbili. Arobaini kila Jumamosi. Sellah na Rispah waliendesha maziwa na mahindi pamoja, na mazungumzo yao yalikuwa marefu kuliko namba. Namba ile inagawanyika kwa 2,071,723, lakini wao hawakulijua hilo, na kwa mwendo wao wangehitaji miaka kumi na tatu na ushei kulifikia. Mwaka 1993 walikuwa wametembea karibu theluthi ya njia.

Mwaka huo afisa mpya wa elimu, aliyesikia habari za naibu mwenye namba, alimpitia ofisini kwake. Alikuwa na hamu, na pengine alikuwa na ukuta mahali.

"Naambiwa mko na nyingine sasa," akasema. "Moja kumi na saba. Je, nayo haigawanyiki?"

"Mwalimu Rispah anasema haigawanyiki," akajibu Eliakim.

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi sijui."

Afisa akangoja, akidhani kuna zaidi. Akafunga kitabu chake kidogo, akaaga kwa heshima, akaenda shule nyingine. Eliakim akatazama saa. Ilikuwa Ijumaa, na alikuwa bado hajanunua penseli za kesho.